Kware weupe, ndege ya skii na hesabu ya kilo

Niko Goma kwa sasa, nimekuja kusalimia familia, nilishukia Kigali nikaingia kwa mpaka wa Grande Barrière na mabegi yangu kama kila mtu anavyofanya siku hizi. Sasa shida ni kwamba kabla sijafika, shemeji yangu alikuwa ameshatuma picha kwenye simu za watu wote wa familia, picha ya sisi tumesimama kwenye theluji mbele ya kandege kadogo kekundu kenye vibao virefu chini badala ya magurudumu, na mikononi tumeshika ndege weupe kama kuku wa kienyeji walioanguka kwenye unga. Tangu hapo kila jioni pale kwetu Himbi ni maswali. Tulienda wapi, tulilipa ngapi, ile kitu inatua wapi kama hakuna kiwanja, na mama mkubwa aliuliza lile swali lake, "Weye ulilipa pesa yote ile juu ya kuku mudogo?" Nimejibu mpaka nimechoka, basi acha niandike, na kama kuna ndugu yuko kule baridi anafikiria kufanya safari kama hii asome kwanza kabla ya kutoa pesa.

Naishi Anchorage, Alaska. Ni jimbo la Marekani lakini liko peke yake kule juu, Wamarekani walilinunua kwa Warusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, na mpaka leo sehemu kubwa haina barabara. Hata mji wao mkuu, Juneau, huwezi kuufikia kwa gari kutoka nje, ni meli au ndege. Kwa hiyo kule kandege ka watu watatu wanne ni kitu cha kawaida kabisa, watu wanakatumia kwenda kuvua samaki, kupeleka dawa, kupeleka mtoto shule. Wakati wa theluji wanakafungia skii, vile vibao virefu, na hapo ziwa lolote lililoganda, bonde lolote lenye theluji ngumu, linakuwa kiwanja.

Mwenzetu mmoja wa kazini, mzaliwa wa kule, ndiye alituambia kwamba mwanzo wa Aprili ni wakati mzuri wa kuwinda kware wa theluji. Mchana umekuwa mrefu, saa tatu usiku bado unaona vizuri, baridi imepungua makali, na theluji bado ipo ya kutosha ndege kutua. Hao kware kule wapo wa aina tatu, yule wa vichaka vya mierebi ndiye ndege rasmi wa jimbo, kuna wa mawe, na kuna mdogo zaidi mwenye mkia mweupe anayekaa juu kabisa milimani. Ni ukoo mmoja na kuku, kware wetu na kanga. Majira ya joto ana rangi ya udongo, baridi ikija anageuka mweupe mpaka miguuni, ana manyoya hadi kwenye vidole. Mtu mzima wake ni kama nusu kilo, kidogo zaidi kidogo pungufu. Ndiyo, mama mkubwa, nusu kilo.

Sasa karatasi, nitasema haraka kwa sababu hapo hakuna utamu. Leseni ya kuwinda kwa mkaazi wa Alaska ilikuwa dola 45, lakini ili uhesabiwe mkaazi lazima uwe umekaa miezi 12 mfululizo ukiwa na nia ya kubaki, kama hujafikisha unalipa bei ya mgeni. Jimbo lote limegawanywa katika maeneo 26 yenye namba, na kila eneo lina tarehe zake za kufunga na idadi yake ya kware kwa siku, kuna sehemu wanafunga mwisho wa mwezi wa tatu na sehemu wanafunga mwisho wa mwezi wa nne, kwa hiyo usisikilize mtu anayekuambia "Alaska imefunguliwa", uliza eneo gani, namba gani, na usome kitabu cha mwaka huo huo. Na ndugu zangu wenye karatasi ambazo hazijakamilika, tafadhali, suala la kushika bunduki Marekani linategemea hali yako ya uhamiaji, muulize mwanasheria kabla hujaigusa hata ya kuazima. Kware wa nusu kilo asikuharibie faili ya miaka.

Mimi kuhusu ndege za kupanda nina historia. Nilikulia karibu na Birere, mtaa wa hapa Goma ulio jirani na kiwanja cha ndege. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika sehemu ya kiwanja kikabaki kifupi, halafu tarehe 15 Aprili 2008 ndege kubwa ya abiria ikashindwa kupaa ikapita mwisho wa kiwanja ikaingia kwenye maduka na nyumba za watu. Mtu aliyeona moshi ule hapandi ndege akicheka. Kwa hiyo shemeji alivyoanza "twende twende" mimi nilikuwa natafuta sababu ya kukataa, na kilichonifanya nikubali ni mjomba wangu, huyo wa hapa hapa Goma, nilimpigia simu. Mjomba alifanya biashara ya Walikale kwa miaka, alikuwa anapakia mchele, sabuni na bia kwenye tundege twa mizigo na kwenda kutua Kilambo, na Kilambo kwa asiyejua haikuwa kiwanja, ilikuwa ni kipande cha barabara ya lami katikati ya msitu, watu na pikipiki wanatolewa njiani kwanza ndipo ndege inashuka. Mjomba hakuniuliza kuhusu baridi wala dubu. Aliuliza tu, "Piloti anapima kilo?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Kama anapima, panda. Kama hapimi, rudi nyumbani."

Alipima, na alipima kwa ukali sana, nisikilizeni vizuri hapa.

Tulienda kwenye kampuni ndogo ya ndege za kukodi, kaskazini ya Anchorage kwa saa kadhaa za gari. Ndege yenyewe ni Cessna 185, piloti na abiria watatu, yaani mimi, shemeji na yule mwenzetu wa kazini, mizigo nyuma. Piloti ni mzee wa maneno machache. Alitupanga mstari mbele ya mizani tukiwa tumevaa kila kitu, buti, koti, kila kitu mfukoni, akaandika. Halafu begi moja moja. Halafu bunduki. Halafu risasi, maana risasi za bunduki ya kalibri 12 ni uzito wa kweli, sanduku mbili tatu tayari unabeba jiwe. Shemeji yangu alikuwa amekuja kama anahamia, kuna boksi la baridi lililojaa nyama, sufuria kubwa ya chuma, gunia la unga wa bugali la kama kilo ishirini, viti vya kukunja, na mafuta ya mawese kwenye bidoni. Mzee akaangalia, akapiga hesabu kwenye karatasi, akasema kwa upole kwamba watu watatu wanaweza kwenda na mizigo midogo, au watu wawili na hilo boksi.

Shemeji akaanza kubembeleza. Ninyi mnajua sisi watu wa Goma, tunajua kuongea na mtu wa bagaji, unamtania kidogo, unamwita papa, unaweka kitu kidogo mkononi, kilo tano zinapotea. Pale hakikupotea kitu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema ndege haimjui mtu yeyote. Kwa sababu hapo hesabu si ya kupaa tu kutoka kiwanja kizuri. Skii zenyewe zina uzito wake, halafu siku ya kurudi mnapaa kutoka kwenye theluji, na theluji ikiwa laini inashika skii, ndege inakimbia pole pole, umbali wa kupaa unarefuka, na mbele yenu kuna mlima. Kwa hiyo kilo mnazopakia asubuhi mkiwa na furaha ndizo zitakazowazuia kuondoka siku nyingine. Mjomba nilipomweleza hii juzi aligonga goti kabisa, akasema Kilambo wakati wa mvua ilikuwa hivyo hivyo, kwenda unaenda na mchele, kurudi ni mawe ya cassiterite, yale yenye bati, na ni kurudi ndiko kunakoua.

Gunia la unga likabaki kwenye gari. Tulipima bugali ya kututosha kwenye mfuko wa plastiki, mawese tukaweka kwenye chupa ya maji, sufuria ikabadilishwa na ka aluminiamu ka kuazima. Ushauri wangu ni kwamba mjipime nyumbani, wote, na nguo zote mwilini, mjue namba kabla hamjafika pale na kuanza kuvua vitu mbele ya watu. Tumia mabegi laini, valizi ngumu haiingii vizuri nyuma na piloti ataichukia. Na ile dawa ya pilipili ya kupuliza dubu usiiweke ndani ya ndege, ikipasuka hewani piloti haoni na wote mmekwisha, mzee wetu aliifunga nje, kwenye nguzo ya bawa, kwa utepe. Bunduki zote ziwe tupu, anakagua mwenyewe.

Tukapakia. Halafu tukapakua, kwa sababu milima ilifunga. Pale kiwanjani jua linawaka kabisa, anga ya bluu, shemeji anaangalia juu anasema huyu mzee anatudanganya, lakini mzee ana picha za kamera za kwenye njia za milimani na ana wenzake wanaoongea kwa redio, na njia ambayo tungepita ilikuwa na wingu limelala chini. Tukalala kwenye kachumba ka kukodi, kesho yake vile vile, tukalipa kachumba tena. Hapo ndipo hasira za watu zinatoka. Tumeomba ruhusa kazini, tumelipa, na mtu anatuambia ngojeni. Shemeji akataka kutafuta piloti mwingine. Nilimwambia kama piloti mmoja amesema hapana na mwingine akasema ndiyo, huyo wa ndiyo ndiye ninayemwogopa. Kwa kweli nilisema vile kwa sababu ya woga wa Birere kuliko hekima, lakini ilitosha, tukabaki. Kama unapanga, weka siku za ziada mbele na siku za ziada nyuma, na pesa ya kulala, na umwambie bosi wako ukweli kwamba tarehe ya kurudi haijulikani.

Ilipofunguka tuliondoka mapema sana, kwenye saa moja ya asubuhi. Kiwanja cha kuondokea kilikuwa kimefagiliwa theluji kwa hiyo tulipaa na magurudumu, halafu tukiwa hewani mzee akashika mpini fulani pembeni ya kiti akaanza kupampu, pampu, pampu, kama mtu anayejaza upepo tairi ya baiskeli, na skii zikashuka chini ya magurudumu. Kwa mkono! Niliangalia pembeni ili nisione. Upande wa kaskazini Denali ilikuwa wazi, mita 6190, mlima mrefu kuliko yote Amerika ya Kaskazini, na sisi ambao theluji yetu yote ni ile kofia ya Ruwenzori inayoonekana siku moja moja kutoka Beni, nilikaa kimya. Picha hazisemi kitu.

Kutua ndiko watu wanauliza zaidi. Mzee hakutua mara moja. Alipita kwanza juu ya bonde akiangalia, akageuka, akashuka mpaka skii zikagusa theluji, akaziburuta hivyo mstari mrefu huku moshi wa theluji unaruka nyuma, na akapaa tena! Mimi nilikuwa nimeshamshukuru Mungu, kumbe bado. Anafanya vile kwa sababu juu ya mito na maziwa kunaweza kuwa na maji yamefichwa kati ya barafu na theluji, juu unaona pazuri, peupe, chini ni tope la maji baridi, ukisimama skii zinazama na usiku zinaganda humo. Sasa akishaburuta anarudi juu anaangalia alama zake, kama zimeanza kuwa nyeusi kuna maji, kama ni nyeupe anarudi kutua kwenye alama zile zile. Zilikuwa nyeupe. Jambo lingine linalowaogopesha mapiloti ni mwanga, wingu likifunika jua theluji na anga vinakuwa rangi moja na mtu hajui kama yuko mita mbili au mita hamsini kutoka chini, ndiyo maana anapenda kutua karibu na vichaka, vile vijiti vyeusi vinampa jicho kitu cha kushika.

Alitushusha, akakata matawi akayaweka chini ya skii wakati tunapakua ili zisishikane na theluji, akatuonyesha pa kupiga hema, akatuachia sanduku la dharura. Sheria ya jimbo inadai ndege zinazoenda huko zibebe vifaa vya dharura, kama chakula cha akiba, vitu vya kuwashia moto na vya kutoa ishara. Halafu akapanda, akaondoka. Huo mlio wa injini ukipungua ukipungua mpaka unaisha, jamani, ndipo unaelewa umefanya nini. Mimi mtu wa Goma sijawahi kuishi mahali pasipo na jenereta, mbuzi, kanisa la jirani. Pale damu yako unaisikia masikioni. Tulikuwa na Garmin inReach, kile kidude cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na nawaambia usiende bila hicho, kwa sababu simu ya kawaida pale ni tochi tu.

Kuhusu kuwinda kwenyewe. Kware hao wanakula machipukizi ya mierebi, kwa hiyo kaa chini bondeni kwenye vichaka, usipoteze nguvu kupanda juu. Mwenzetu alitufundisha kutafuta nyayo zao, mistari midogo yenye manyoya inayozunguka kwenye vijiti, na vijishimo, maana usiku wanajizika ndani ya theluji kulala na asubuhi wanaruka kutoka chini ya miguu yako kama bomu. Madume mwezi wa nne yameanza kubadilika, shingo na kichwa vinakuwa rangi ya kahawia wakati mwili bado mweupe, nyusi nyekundu, na yanapiga kelele za ugomvi asubuhi kugombania eneo, kwa hiyo ukiamka mapema ukae kimya, sauti zao zitakuonyesha pa kwenda. Jike ndilo gumu, limekaa mbele yako mita kumi na huoni, ni jicho tu jeusi na mdomo.

Jambo moja sikulitegemea ni mlio. Shemeji alipiga risasi ya kwanza na mimi nilijikuta nimepiga magoti kwenye theluji, mikono kichwani, bila kuamua. Wale wawili wakageuka, mwenzetu yule Mmarekani akafikiri nimeumia. Sisi tuliokuwa mjini wakati wa vita vya 2012, na nyinyi mliokuwa hapa kwenye vita vya Januari 2025, hamhitaji maelezo, mwili una kumbukumbu zake. Shemeji alielewa, akaja akakaa karibu, hakusema kitu, akanimiminia chai. Baadaye tukapatana kwamba kabla ya kupiga mtu anasema kwa sauti, na mimi nikachukua kazi ya kubeba, kusafisha na kupika, na nilifurahia hivyo kuliko ningeshika bunduki. Kuna watu nimeambia hii wakacheka, sawa, wacheke. Lakini kama unatoka huku na unaenda kuwinda kwa mara ya kwanza, waambie wenzako mapema, na usione aibu kwenda safari ya kuwinda bila kuwinda.

Nguo na jua. Shemeji alivaa jinzi chini ya suruali ya theluji, zikalowa jasho mchana, jioni zikaganda zikawa kama mbao, usiku mzima anatetemeka, pamba iacheni nyumbani, vaeni sufu. Mimi nilinunua vile viatu vyeupe vya jeshi vya mpira vyenye hewa ndani, vya occasion, yaani vilivyotumika, vibaya kwa sura lakini miguu ilikuwa moto. Na jua! Tulidhani sisi weusi jua halituhusu. Theluji inarudisha mwanga kutoka chini, niliungua ndani ya matundu ya pua na chini ya kidevu, midomo ikapasuka. Shemeji alivua miwani kwa sababu ilikuwa inapata ukungu, usiku macho yakawa yanatoa machozi na yanauma kama mtu amemwagia mchanga, kesho yake alikaa ndani ya hema amefunga kitambaa. Miwani ya giza haivuliwi, hata kukiwa na mawingu.

Mchana jua likishapiga, theluji ya kwenye miteremko inalainika na inaweza kuporomoka. Mwenzetu alikuwa mkali hapo, mteremko wowote wa kama digrii 30 hadi 45 hatukupita chini yake baada ya adhuhuri, hata kama kware alianguka kule. Tulimwacha mmoja hivyo. Shemeji bado analalamika. Nyayo za dubu tuliziona mara moja tu, za mbali, wanaanza kuamka mwezi huo, usiku chakula na kware tulivitundika mbali na hema.

Halafu siku ya kuchukuliwa ikafika na mzee hakuja. Theluji ilikuwa inaanguka, nyepesi tu, lakini vichaka vya ng'ambo ya bonde havionekani. Ujumbe ukaingia: sio leo. Kesho yake: sio leo. Hapo ndipo ule unga tulioupima kidogo ukaanza kuzungumziwa, na shemeji alinikumbusha gunia lake la kilo ishirini kila mlo, kila mlo bila kukosa. Tulikula kware. Tulichemsha theluji kwa ajili ya maji, kazi isiyoisha, sufuria nzima ya theluji inatoa kikombe, gesi inakwisha, kwa hiyo hesabu gesi yako mara mbili ya unavyofikiri. Ugomvi ulikuwepo, sitadanganya, wanaume watatu kwenye hema moja wanagombana juu ya nani alimaliza sukari. Tulichofanya vizuri ni kutembea na viatu vya theluji mstari ule ule wa kutulia, huku na huku, tukiukanyaga ushikane, kama mzee alivyotuelekeza kwa ujumbe.

Alikuja alfajiri baada ya usiku wa baridi kali, na alitaka tuwe tayari kabla jua halijagusa bonde, kwa sababu usiku juu ya theluji panaganda panakuwa pagumu, skii zinateleza, saa tano ingekuwa uji. Akapima kwa macho, akasema mnaonekana wepesi kuliko mlivyokuja. Tulipaa ndani ya umbali mfupi mpaka mimi mwenyewe nikafungua macho.

Sasa pesa, maana najua mlikuwa mnangojea hapa. Ndege tulilipa kila mtu dola 650 kwenda na kurudi, kachumba ka kungojea, petroli ya gari, leseni, viatu, mfuko wa kulalia wa baridi kali ambao peke yake ni bei ya simu nzuri, siku za kazi nilizokosa ambazo hazilipwi. Nilivuka dola 1,300 na bunduki sikununua. Ukitaka kupunguza, azima vitu, tena anza mahali panapofikika kwa gari kama Hatcher Pass, kaskazini ya Palmer, huko kware wapo na ukichoka unarudi nyumbani usiku huo huo. Na kama utaenda kwa ndege, piga simu mwezi wa pili, mapiloti wenye skii ni wachache na kuanzia mwisho wa Aprili wanashughulika na wapanda mlima wa Denali.

Nyama yake ni nyeusi, nyekundu nyekundu, ukiipika sana inakuwa na ladha ya maini, mke wangu alijaribu mara ya kwanza kama kuku wa kawaida, saa nzima motoni, watoto wakakataa. Mara ya pili nilikata vifua vipande vyembamba, kitunguu, pilipili, mawese kidogo, dakika chache tu, na sombe, yale majani ya muhogo, pembeni. Sufuria ilirudi tupu. Mama mkubwa bado anasema kwa pesa ile angeninunulia mbuzi wa Masisi, na mjomba anataka tu kujua kama yule mzee wa skii angeweza kutua Kilambo.